Mlinzi wa Daftari: Jinsi Kompyuta Inavyokagua Maelezo ya Mabadiliko ya Programu

Katika hospitali ya Kolandoto, kama ilivyo katika hospitali nyingine zote nchini, zamu ya usiku haiondoki wodini kabla ya kuikabidhi kazi kwa zamu ya asubuhi. Tuseme muuguzi anayetoka amemweleza mwenzake kwamba mgonjwa wa kitanda cha nne amebadilishiwa dawa. Je, habari hiyo yatosha? Haitoshi hata kidogo. Kama mgonjwa alibadilishiwa kwa kuwa dawa ya kwanza ilimdhuru, basi asirudishiwe kamwe. Kama alibadilishiwa kwa kuwa dawa ya kwanza ilikwisha stoo, basi arudishiwe mara itakapopatikana. Tendo ni lile lile, lakini sababu ni mbili, na kila sababu inadai hatua yake.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Makala haya yanakusudia kumweleza msomaji daftari la namna nyingine, yaani daftari la mabadiliko ambalo huandikwa na watu wanaotunga programu za kompyuta kwa ushirikiano. Vilevile yataeleza jinsi kompyuta yenyewe inavyoweza kuwekwa kuwa mlinzi wa daftari hilo, na mahali ambapo ulinzi wake unakoma.

Daftari la programu ni nini?

Programu ya kompyuta ni maagizo yaliyoandikwa, mstari baada ya mstari, katika lugha ambayo mashine huweza kuifuata. Maagizo hayo huitwa msimbo. Programu kubwa haiandikwi na mtu mmoja, wala haimaliziki. Leo huyu anaongeza sehemu mpya, kesho yule anasahihisha kosa, na mwaka ujao watakuja wengine ambao hawakuwajua wale wa kwanza. Ili kazi isivurugike, kila badiliko huwekwa katika hazina ya pamoja likiwa na jina la aliyelifanya, tarehe, na maelezo mafupi. Badiliko moja la namna hiyo, ambalo waandishi wa programu huliita komiti, katika makala haya tutaliita ingizo, kwa kuwa limefanana sana na ingizo katika daftari la hesabu.

Fikra hii si ngeni. Mwaka 1972 Marc Rochkind, aliyekuwa katika maabara ya Bell huko Marekani, alitengeneza mfumo ulioitwa SCCS, ambao ulitunza kila hatua ya msimbo pamoja na habari za nani aliubadilisha, lini, na kwa nini. Mfumo unaotumika zaidi siku hizi ni Git, ulioanzishwa mwezi wa Aprili mwaka 2005 na Linus Torvalds, mzaliwa wa Ufini, kwa ajili ya kutunza msimbo wa Linux. Hazina hiyo ya Linux peke yake sasa ina maingizo zaidi ya milioni moja. Katika Git kila ingizo hupewa alama yake ya utambulisho, ambayo kwa kawaida ina tarakimu na herufi 40, nayo hukokotolewa kutokana na yaliyomo ndani ya ingizo pamoja na maelezo yake. Ukibadilisha hata nukta moja, alama nayo hubadilika. Kwa hiyo daftari hili halifutiki kwa siri.

Yafaa ieleweke, hata hivyo, kwamba Git yenyewe haijali kilichoandikwa katika maelezo. Mtu aweza kuandika "rekebisho", au "tena", au herufi moja tu, na ingizo likapokelewa. Tarehe, jina na mistari iliyobadilika vyote huandikwa na mashine. Sababu huandikwa na mtu, na mtu huchoka, huharakisha, na husahau.

Kisa cha mtoto wa miaka mitano

Nitoe mfano nilioushuhudia mwenyewe. Miaka michache iliyopita wanafunzi wangu walitunga programu ndogo ya kuzisaidia zahanati mbili za mkoani Shinyanga kujumlisha wagonjwa wa nje. Habari zilitoka katika Kitabu cha 5 cha MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya. Wagonjwa hugawanywa kwa umri, na mpaka mmoja muhimu katika mgawanyo huo ni miaka mitano: walio chini yake huhesabiwa upande wa watoto wadogo, na waliotimiza miaka mitano huingia kundi linalofuata.

Programu ilianza kutumika katika zahanati ya kwanza, ikakubalika. Ilipopelekwa katika zahanati ya pili, haukupita muda mganga mfawidhi akanipigia simu. "Mwalimu," alisema, "mimi nimehesabu kwa kidole, watoto wa malaria chini ya miaka mitano ni 31. Mashine yenu inasema 38. Hao saba nimewazaa mimi?"

Hakuwa akitania. Hesabu za kundi hilo hutazamwa wakati wa kuagiza dawa za watoto, na pia hupanda hadi wilayani na taifani. Kosa la watoto saba katika zahanati moja ni dogo, lakini kosa hilo hilo likirudiwa katika vituo mia moja huweza kuonekana kama mlipuko wa ugonjwa ambao haupo.

Hazina yetu ilikuwa na maingizo 412. Kulitafuta ingizo lenye kosa hakukuwa kazi ngumu, kwa sababu ipo njia ya kugawa nusu kwa nusu. Unachukua hali ya programu ilivyokuwa katikati ya historia yake, unaijaribu. Ikiwa hesabu ni sahihi, kosa limeingia baadaye. Ikiwa si sahihi, liliingia kabla. Nusu moja unaitupa, na ile iliyobaki unaigawa tena. Kwa kuwa 2 ikizidishwa kwa yenyewe mara 9 hutoa 512, majaribio yasiyozidi 9 yanatosha kulipata ingizo lolote kati ya 412. Git hufanya kazi hiyo karibu peke yake. Kabla ya chai ya saa kumi tulikuwa tumelipata.

Badiliko lenyewe lilikuwa alama moja tu. Mahali palipoandikwa "pungufu ya 5" pamefanywa kuwa "pungufu ya 5 au sawa na 5". Na maelezo ya ingizo? Neno moja: "nimerekebisha".

Wanafunzi walitaka kulifuta badiliko hilo papo hapo. Niliwazuia, kwa maana mwanafunzi aliyelifanya hakuwa mzembe, nilimfahamu. Alikuwa amekwisha kuhitimu na kuajiriwa Geita. Tulipompata kwa simu alijibu kwa unyenyekevu: "Shikamoo Mwalimu. Nakumbuka nililibadilisha nikiwa na sababu, ila sababu yenyewe imenitoka."

Ikabidi twende zahanati ya kwanza kuuliza. Karani wa pale, mama mmoja mtaratibu sana, alitufungulia kitabu akatueleza: "Mtoto akishatimiza miaka minne, mimi naandika mitano, kwa kuwa ameingia mwaka wa tano." Katika zahanati ya pili waliandika miaka iliyotimizwa. Kumbe badiliko lile lilikuwa sahihi kwa zahanati ya kwanza na kosa kwa zahanati ya pili! Kama tungalilifuta kwa haraka, tungaliponya kituo kimoja na kukiumiza kingine. Dawa ya kweli ilikuwa kuingiza tarehe ya kuzaliwa badala ya umri, na ndivyo tulivyofanya.

Ndugu msomaji, tazama mgawanyo wa kazi ulivyokuwa. Mashine ilituonyesha mahali pa kosa kwa majaribio yasiyozidi 9. Sababu haikuweza kutuonyesha hata kwa majaribio elfu, kwa kuwa haikuandikwa popote. Msimbo husema nini kimebadilika. Ni maelezo peke yake yawezayo kusema kwa nini.

Umbo la maelezo mema

Baada ya mkasa ule tulikubaliana juu ya umbo la maelezo. Hatukubuni jambo jipya. Upo mwongozo unaojulikana kwa jina la Conventional Commits, ambao toleo lake la 1.0.0 lilitolewa mwaka 2019, nao unataka kila maelezo yaanze na neno la kutaja aina ya badiliko, kisha nukta mbili, kisha muhtasari. Desturi nyingine, ambayo waandishi wengi wa programu huifuata, ni kwamba mstari wa kwanza uwe mfupi, mstari wa pili uachwe wazi, na maelezo kamili yafuate chini.

Kwa kuwa mashine haina lugha ya mama, tuliona hakuna sababu ya kutotumia Kiswahili. Tukachagua maneno matano: nyongeza, rekebisho, waraka, jaribio na usafi. Kwa mujibu wa utaratibu huo, ingizo la yule kijana lingaliandikwa hivi:

rekebisho: hesabu mtoto wa miaka 5 katika kundi la chini ya 5

Sababu: karani wa kituo hiki huandika mwaka ambao mtoto anauingia, si ule alioutimiza. Kabla ya kuitumia programu katika kituo kingine, ulizeni kwanza umri unaandikwaje.

Mstari wa kwanza una alama 61 ukihesabu na nafasi. Kuyaandika maelezo yote hakuchukui dakika mbili. Kutoyaandika kulitugharimu safari, siku kadhaa, na kwa muda fulani imani ya mganga mfawidhi.

Mlango wa kwanza na mlango wa pili

Makubaliano ni rahisi kuyafanya na ni rahisi zaidi kuyasahau. Wiki mbili baadaye "nimerekebisha" ilikuwa imerudi. Hapo ndipo tulipoamua kumweka mlinzi.

Git ina nafasi maalumu za kuweka programu ndogo ambazo huitwa zenyewe wakati tukio fulani linapotokea. Moja ya nafasi hizo inaitwa commit-msg. Mwandishi anapomaliza kuandika maelezo yake, Git huyaweka katika faili ya muda na kuikabidhi kwa programu hiyo ndogo. Programu huyasoma maelezo, huyalinganisha na kiolezo, kisha hurudisha namba. Ikirudisha 0, maana yake hakuna kosa, na ingizo hupokelewa. Ikirudisha namba nyingine yoyote, ingizo hukataliwa pale pale, nayo kazi ya mwandishi hubaki salama mikononi mwake mpaka asahihishe maelezo.

Kiolezo chenyewe ni maelezo ya umbo la maandishi. Kwa lugha ya kawaida mlinzi wetu huuliza maswali manne. Je, mstari wa kwanza unaanza na mojawapo ya maneno yale matano, likifuatiwa na nukta mbili na nafasi? Je, mstari huo hauzidi alama 72? Je, mstari wa pili uko wazi? Na ikiwa aina ya badiliko ni rekebisho, je, chini yake kuna mstari unaoanza na neno "Sababu:"? Maswali hayo yote hujibiwa kabla mtu hajapepesa jicho, na programu nzima haijazi ukurasa mmoja.

Lakini mlango huu wa kwanza una udhaifu ambao yafaa kuujua. Programu hizi ndogo hukaa katika kompyuta ya kila mwandishi, wala hazisafiri pamoja na hazina mtu anapoinakili. Asiyeziweka hana mlinzi. Zaidi ya hayo, Git yenyewe humruhusu mtu kuuruka mlango huu kwa makusudi. Kwa hiyo hujengwa mlango wa pili, penye seva inayotunza hazina ya wote. Hapo kila badiliko linaloletwa hukaguliwa upya kwa maswali yale yale kabla ya kuunganishwa na kazi ya wengine, na mleta kazi hana ruhusa ya kuuruka mlango huo. Mlango wa kwanza umewekwa kwa ajili ya kumsaidia mwandishi mapema, angali anakumbuka alichofanya. Mlango wa pili umewekwa kwa ajili ya kuilinda jamii.

Hata ulinzi huu una asili ya zamani. Katika mfumo wa SCCS niliokwisha kuutaja, mwenye mradi aliweza kudai kwamba kila badiliko litajwe pamoja na namba ya ombi lililosababisha badiliko hilo, na aliweza kuteua programu ya kuthibitisha namba hiyo kabla badiliko halijakubaliwa.

Kutoka zahanati hadi dunia nzima

Msomaji aweza kudhani kwamba mambo haya yanahusu vikundi vidogo vya wanafunzi tu. Sivyo. Takwimu za MTUHA zinazotoka katika vituo vya Tanzania, pamoja na vya Shinyanga na Geita, huingizwa katika mfumo uitwao DHIS2. Mfumo huo unaratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo nchini Norwei, na chimbuko lake ni mradi ulioanzia Afrika Kusini katika miaka ya 1990. Toleo hili la pili lilianza kutumika mwaka 2006 katika jimbo la Kerala nchini India, na sasa linatumika katika nchi zaidi ya 70. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wamekuwa miongoni mwa walioshiriki katika kuuendeleza na kuusambaza hapa nchini.

Msimbo wa DHIS2 uko wazi kwa yeyote kuusoma. Waandishi wake wako katika nchi nyingi, na walio wengi hawajapata kuonana. Mtu aliye Oslo hawezi kumgeukia mwenzake aliye Dar es Salaam na kumwuliza, "Hapa ulikuwa na maana gani?" Daftari ndilo linalozungumza kwa niaba yao. Kwa hiyo hazina nyingi za programu zake hufuata mwongozo wa Conventional Commits, wanacho chombo cha kukagua maelezo kwa mashine, na aghalabu maingizo hutaja namba ya tatizo lililosajiliwa.

Tena umbo hilo lina faida ya pili: husomwa na mashine nyingine. Toleo la programu hupewa namba tatu, kwa mfano 2.4.1. Ikiwa maingizo yote mapya ni ya kurekebisha, namba ya mwisho hupanda, nalo toleo huwa 2.4.2. Likiwamo ingizo la nyongeza, namba ya kati hupanda, nalo huwa 2.5.0. Likiwamo badiliko linalovunja utaratibu wa zamani, namba ya kwanza hupanda, nalo huwa 3.0.0. Mashine yaweza kuyafanya hayo yote na kuandaa orodha ya mabadiliko kwa ajili ya watumiaji, mradi maelezo yawe yameandikwa kwa umbo lililokubaliwa. Neno moja lililoandikwa ovyo mwanzoni mwa mstari laweza kumfanya mtumiaji aliye mbali aamini kwamba toleo jipya halina hatari, kumbe linayo.

Asichoweza mlinzi

Sasa niseme jambo ambalo wapenda mashine hawapendi kulisikia. Mlinzi wetu huona umbo, maana haioni. Maelezo yasemayo "rekebisho: nimerekebisha kitu", na chini yake "Sababu: kulikuwa na tatizo", yatapita milango yote miwili bila kuulizwa. Waweza kuandika orodha ya maneno matupu na kuyapiga marufuku, nasi tulijaribu. Wanafunzi walibuni maneno matupu mapya kwa kasi kuliko tulivyoweza kuyaorodhesha.

Kuna hatari nyingine. Masharti yakizidi, watu huanza kuandika kwa ajili ya kumridhisha mlinzi badala ya kumweleza mwenzao. Wengine hukusanya mabadiliko kumi na kuyatia katika ingizo moja ili wapite mlangoni mara moja tu, na hapo daftari huwa baya kuliko lilivyokuwa. Kwa sababu hiyo tulibakiza maswali manne tu, tukahakikisha kwamba mlinzi anapokataa, anaeleza kosa kwa Kiswahili chepesi na kutoa mfano wa maelezo yanayofaa. Mwanafunzi mgeni anayekataliwa bila kuelezwa hujifunza hofu, na mwenye hofu haandiki sababu.

Basi faida yake ni nini? Ni hii: mkaguzi wa kibinadamu, aliyekuwa akipoteza muda kuhesabu herufi na kutafuta nukta mbili, sasa hana kazi hiyo. Anabakiwa na swali moja, lile ambalo mashine haiwezi kuliuliza: je, mtu asiyetufahamu, akisoma maelezo haya miaka mitano ijayo, ataelewa kwa nini tulifanya hivi? Katika kikundi chetu kila ingizo husomwa na mwenzake mwandishi kabla ya kuunganishwa, na swali hilo ndilo la kwanza.

Hivyo basi, yeyote anayekusudia kuanzisha mradi wa programu wa pamoja, awe katika chuo, katika halmashauri, au katika ofisi ya mgodi, naaweke mlinzi tangu siku ya kwanza, wakati hazina ingali na maingizo matatu na si mia nne. Maswali yawe machache. Mlango wa pili usisahauliwe. Na baada ya hayo yote, pawepo mtu wa kusoma.

Yule kijana wa Geita alipita kunisalimu mwaka uliofuata. Nilimwonyesha mlinzi akifanya kazi. Alicheka, akaomba kiti, akaandika ingizo dogo la waraka katika hazina yetu, akieleza jinsi umri unavyoandikwa katika zahanati ya kwanza. Mlinzi alilikataa mara moja, kwa kuwa mstari wa kwanza ulikuwa mrefu mno. Alilifupisha, likapokelewa.